Begi la Buluu la Mama Jezi

Kuna mwanamke mmoja mjini Voi ambaye watu humsalimia vizuri mwaka mzima, halafu ligi ikiisha mwezi wa Juni wanaanza kumpita kando. Si kwamba amewakosea. Jedidah Koki ni mtu wa kanisani, mcheshi, na hana neno na mtu. Ila msimu ukiisha hutembea na begi la buluu la nailoni, lenye zipu iliyokufa na kushonewa kifungo cha koti, na begi hilo likiingia kwenu, mwanao si mchezaji tena.

Kazi yake hasa ni kufua. Mwaka wa kumi na tisa sasa anafua jezi za Ndara Rovers nyumbani kwake mtaa wa Sofia, na kamba zake za nguo zikijaa, jirani hawezi kuona mlango wake. Desturi ya timu hii ni kwamba msimu ukifungwa, kila mchezaji huenda na jezi yake kwao. Anaiweka sandukuni, au anaitundika ukutani juu ya kitanda, na maadamu iko pale yeye bado ni wa Ndara Rovers. Asiyetakiwa tena haandikiwi barua wala hapigiwi simu. Jedidah, ambaye wote humwita Mama Jezi, anakwenda kwao na begi, anaichukua jezi, na mambo yameisha.

Aliyeanzisha jambo hilo alikuwa kocha mmoja wa zamani, mnene wa mwili na mwoga kupindukia. Alishindwa kumwambia mshambuliaji wake kwamba hamtaki, basi akamtuma mfuaji akaitwae jezi, eti inahitaji kufuliwa. Mshambuliaji akaelewa. Kocha akaona kumbe ni rahisi hivyo! Makocha waliomfuata wakairithi njia hiyo kama walivyorithi firimbi na koni. Timu ikapata ofisi, ikapata kompyuta, ikapata ukurasa wa kuwekea picha mitandaoni, lakini kazi ya kuvunja watu mioyo ikabaki ya mama mmoja anayelipwa kwa kufua.

Naye alikuwa na njia yake ya kuifanya. Akishaifunga jezi ndani ya begi, humshika mzazi mkono na kumwambia, "Ni ya mwaka mmoja tu. Ataitwa tena." Hakuna aliyewahi kuitwa tena. Jedidah alilijua hilo, lakini angesema nini basi? Aondoke kimya kama karani wa mnada? Alikuwa akisema neno hilo kwa huruma, kisha anakunywa chai akiletewa, anapanda bodaboda, anarudi Voi.

Miaka sita iliyopita alilisema neno hilo kwa ajuza mmoja wa Marungu anayeitwa Kasiva, aliyelea wajukuu wawili peke yake. Mjukuu mkubwa, Muinde, ndiye aliyekuwa ameachwa. Muinde akaamini. Kwa miaka miwili mizima aliamka alfajiri, akakimbia hadi barabara kuu ya Mombasa pale Maungu na kurudi, na kila alipoitiwa kibarua alikataa, kwani timu ikimwita itamkuta wapi? Timu haikumwita. Siku hizi Muinde anakunywa, na akishakunywa hupiga teke chochote kilicho mbele yake, kopo au kuku, halafu huinua mikono juu.

Mjukuu mdogo, Mumo, siku ile alikuwa amesimama kwenye zizi la mbuzi akimtazama Jedidah anavyoikunja jezi ya kaka yake. Hakulia. Alitazama tu, na Jedidah akaondoka na macho yale. Basi fikiria alivyoshtuka miaka minne baadaye, kijana mrefu alipokuja kwenye majaribio ya timu na kutaja jina la kwao. Mumo alikuwa na mguu wa kushoto uliowafanya mabeki wa Mwatate na Taveta wamkabe wawili wawili. Akapewa jezi namba kumi na saba. Kuanzia hapo, kila Jumatatu, Jedidah alianza kufua kumi na saba kabla ya nyingine zote, na hakumwambia mtu.

Mumo hakumwekea kinyongo, au kama alimwekea basi alikificha vizuri. Ila kuna utani mmoja aliupenda. Alikuwa akija kuchukua jezi yake anamwambia, "Mama Jezi, mimi hutanipata vile ulimpata Muinde. Siku nitakuona unakuja kwetu, jezi utaipata nje na mimi nimeenda." Wote wawili walikuwa wakicheka.

Mwaka huu Ndara Rovers ikapanda hadi ligi ya pili ya taifa. Watu wa Voi walicheza barabarani hadi magari yakasimama. Lakini kupanda kuna mambo yake. Kwa mara ya kwanza wachezaji wangetia sahihi mikataba na kulipwa kila mwezi, na nafasi zilikuwa ishirini na tano tu. Uongozi ukaleta kocha mpya kutoka Nairobi, Morris, kijana wa maneno machache, naye akaleta wachezaji wake kumi, waliokuja na mabegi ya magurudumu na viatu vya rangi ya limau. Ukishaleta kumi, kumi wa nyumbani wanatoka. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Jumanne moja ya Julai, Jedidah aliitwa ofisini, chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akapewe orodha yake ya wanaoachwa. Majina ya wanaobaki yalikuwa yameandikwa kwenye ubao mweupe. Aliyapitia polepole kwa kidole, kutoka la kwanza kushuka chini, na la ishirini na tano, la mwisho kabisa, lilikuwa la Mumo. Mbele yake palikuwa na alama ya kuuliza.

"Hii ni ya nini, kocha?"

"Bado sijaamua," alisema Morris. "Kuna winga wa kutoka Thika, yuko kwa lojing' hapo chini anangoja. Ni yeye ama huyu wenu."

Katika miaka kumi na tisa Jedidah hakuwahi kutia mdomo katika mambo ya nani abaki nani aende. Siku hiyo alitia.

"Kocha, mimi mpira siujui. Najua jezi. Hawa vijana wako nimefua jezi zao za mazoezi wiki tatu. Kuna wengine jezi ni safi mpaka naona haya kuitia maji. Ya huyu Mumo mgongo wote ni chumvi, na matope yake si ya kuanguka ovyo, ni ya magoti na ubavu. Huyo ni mtu anaenda na anarudi. Anarudi kukaba, kocha. Muulize wako wa Thika kama anarudi."

Abby, katibu wa timu, binti aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta, alicheka kwa pua. Morris hakucheka. Aliutazama ubao, akainuka, na kwa kidole gumba akaifuta alama ya kuuliza.

"Sawa. Ishirini na tano. Lakini usajili unafungwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Awe ameshasaini."

Abby tayari alikuwa ameshika simu. "Ngoja nimpigie saa hii aje kesho."

"Usimpigie," alisema Jedidah.

"Mama, ni dakika moja tu."

"Nipe hiyo karatasi nimpelekee mwenyewe. Miaka yote hii mnanituma nyumba za watu kama msiba. Hii moja ya furaha niachieni mimi."

Abby akamwangalia kocha, kocha akainua mabega, na Abby akaiweka simu mezani. Basi. Ukitaka kumlaumu mtu katika habari hii, usimtafute mbali, na Jedidah mwenyewe hakumtafuta mbali. Alitaka kuonwa uso wake mlangoni mwa watu na uso huo ushangiliwe, mara moja tu maishani. Ni tamaa ndogo sana. Ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Jumatano asubuhi alitoka na orodha. Beki aliyeitwa Mwanzia alikaa Maungu, na kwa Mumo ni ndani zaidi kutoka hapo, kwa hiyo aliona amalize lililo zito kwanza, kisha aende kwenye lililo jepesi.  Mke wa Mwanzia ndiye aliyeileta jezi, akaitupia begini akiwa amegeuza uso, na hakukuwa na chai. Jedidah akamwambia lile neno lake la siku zote na mlango ukafungwa kabla hajalimaliza.

Akaingia dukani akanunua mkate mkubwa na sukari, maana huwezi kwenda na habari njema mikono mitupu. Bahasha ya mkataba aliitia ndani ya begi, chini ya jezi ya Mwanzia, isije ikaliwa na vumbi jekundu la njia hiyo. Akapanda bodaboda, begi mapajani, akaanza kujifunza maneno. Angeanza kwa utani, aseme jezi haijakunjwa vizuri? Au angemwita Kasiva kwanza, amshike mikono yote miwili? Alikuwa akicheka peke yake hadi mwendesha bodaboda akamuuliza kama kuna harusi.

Kuhusu begi hakufikiria hata kidogo. Lilikuwa limekaa mkononi mwake miaka mingi hivi kwamba hakulihisi tena, kama mtu asivyohisi kitambaa cha kichwani.

Nchi ya Marungu ni tambarare, na pikipiki huonekana vumbi lake kabla ya kusikika. Walipokaribia, Jedidah alimwona mtu juu ya paa la zizi la mbuzi, nyundo mkononi, akipigilia bati. Akamjua kwa urefu wake. Akanyanyua mkono akampungia kwa furaha, na huo mkono alioupunga ndio uliokuwa na begi. Mtu yule alisimama wima juu ya paa. Akatazama. Kisha akashuka haraka na kupotea nyuma ya nyumba, na Jedidah akadhani amekwenda kuvaa shati.

Mbele ya nyumba palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda palikuwa na jezi namba kumi na saba, imekunjwa mikono ndani, kola juu, namna anavyokunja yeye mwenyewe. Kasiva alikuwa mlangoni na ungo wa ndengu mapajani, akipepeta. Hakuinua kichwa.

"Iko hapo," alisema. "Chukua uende."

Jedidah aliuweka mkate chini. "Mama, Mumo ako wapi? Mwite. Sikuja kuchukua jezi."

"Na hilo begi ni la kubebea nini?"

"Ni la Mwanzia, nimepitia kwa Mwanzia! Mumo hajaachwa, mama. Amechukuliwa. Ni yeye wa mwisho kuchukuliwa, nimemletea karatasi asaini, atakuwa analipwa kila mwezi." Aliisema yote kwa mkupuo, huku akipekua begi. Jezi ya Mwanzia ikaanguka mavumbini. Bahasha ikatoka.

Kasiva aliacha kupepeta. Alimtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Muinde ulisema ataitwa tena. Ulinishika mkono huu. Nikamwambia mtoto angoje, huyu mama hawezi kudanganya, ni mama kama mimi. Akangoja. Sasa umekuja na hii nyingine ya kuchukuliwa, ndio uchukue jezi tukiwa tunacheka."

"Soma, mama. Jina lake liko hapa."

"Mimi sisomi. Na kama ningesoma, karatasi ni mtu anaiandika."

"Basi niambie ameenda wapi."

"Nilikuambia mara ya kwanza mambo yote ya nyumba yangu. Sikuambii tena. Na mkate wako rudi nao."

Jedidah alipiga simu ya Mumo na sauti ile ya kike isiyo na damu ikamwambia mteja hapatikani. Alizunguka nyuma ya nyumba akaita jina lake kwenye vichaka hadi sauti ikakwama. Alirudi Maungu, akakaa kando ya barabara kuu hadi jioni akiwauliza makuli na mama wa chai kama wamemwona kijana mrefu akipita. Hakuna aliyemwona. Mumo alikuwa ameshapata lori dakika chache baada ya kutoka nyumbani, na wakati Jedidah yuko Maungu anauliza watu, lori hilo lilikuwa limeshapita Voi na kukata kona ya Taveta. Alipita karibu na mtaa wa Sofia, karibu na kamba za nguo.

Alhamisi Jedidah alirudi Marungu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na hata alipobisha kwa viganja viwili hakuna aliyejibu. Muinde alikuwa ameketi kivulini nje ya zizi. "Mwambie kocha mimi nangoja," alisema, akacheka, akajilaza.

Ijumaa alikaa ofisini tangu asubuhi, bahasha mapajani. Abby alipiga ile namba kila nusu saa. Saa kumi na dakika ishirini Morris akamtuma mtu kwenye lojing', na winga wa Thika akaja na ndala, akatia sahihi akiwa amesimama. Kocha alisema aliyetoroka usajili hamrudishi, si Januari wala lini, kwa kuwa timu si mahali pa kubembelezana. Abby hakusema chochote kuhusu ile dakika moja. Laiti angesema! Jedidah angejua afanye nini na lawama ya mtu mwingine, lakini yake mwenyewe ilimkaa kifuani na haikutoka. Jumatatu iliyofuata alifua jezi namba kumi na saba ya mtu mwingine. Ilikuwa safi.

Aliwaambia viongozi kwamba begi hatalibeba tena. Wakamwambia sawa, mama, kwani sasa watu watakuwa wanapigiwa simu.

Mwishoni mwa Agosti, mama mmoja anayeuza mahindi sokoni Voi alimwambia kwamba huko Njukini anakonunulia, kuna kijana wa kupakia magunia ambaye siku za soko hucheza na watoto peku peku, na mguu wake wa kushoto unatisha watu. Jedidah hakumuuliza jina. Siku ya soko alidamka, akavaa nguo ya kanisani, akaitia bahasha kwenye mkoba mdogo, akaenda.

Alimkuta nyuma ya lori, gunia la mahindi mabegani. Amekonda shingo na amepanuka kifua. Mumo alimtazama mikono kwanza, ndipo akamtazama uso. Akalishusha gunia.

"Shikamoo, mama. Leo huna begi."

"Marahaba, mwanangu. Sina."

 Mumo alijifuta shingo kwa fulana, akasogea kando ili wenzake wasisikie.

"Nyanya alinipigia nikishafika huku kwa mjomba. Alisema ulimwambia nimechukuliwa. Akasema ulimwambia vile tu ulimwambia ya Muinde." Akalitazama lile gunia. "Mimi nimekaa na hiyo maneno mwezi mzima. Nikibeba gunia naifikiria. Nikilala naifikiria. Kwa sababu kama ni kweli, mama, basi ni mimi nilijitoa. Nilitorokea nyuma na kila kitu kiko mbele ya nyumba. Sasa niambie ukweli. Nilibaki kwa timu ama sikubaki?"

Mkoba ulikuwa begani mwa Jedidah, na ndani ya mkoba bahasha, na ndani ya bahasha jina lake limepigwa chapa kwa herufi kubwa. Alikuwa amekuja ili amwonyeshe. Njia nzima kutoka Voi alijiambia kwamba safari hii atasema kweli tupu, na simu ya Abby ataisema, na magoti atapiga ikibidi. Sasa alimwona Muinde katika uso huu, Muinde mwenye kopo na kuku, na akaona ni kitu gani hasa alichokuwa akiombwa ampe kijana huyu abebe maisha yake yote juu ya magunia. Na tuseme haki, aliogopa pia. Kusema kweli kungemlazimu aseme nani alizuia ile simu.

"Hukubaki," alisema. "Nilikuja kuchukua jezi."

Mumo alitoa pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akatikisa kichwa mara mbili tatu. Macho yalikuwa na maji lakini alikuwa anatabasamu.

"Asante, mama. Kweli asante. Muinde ulimficha, akaharibika. Mimi umenifuata mpaka huku ukaniambia."

Akamlazia gunia ili aketi, akakimbia kibandani akamletea soda baridi, akaifungua kwa meno kama wafanyavyo vijana, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akasimama mbele yake, akingoja anywe. Jedidah alikunywa soda yote, bila kuishusha chupa, kwa sababu Mumo alikuwa anamtazama.